Anayeita Hashiki Kamba

Naweka dau: hili hamtaliamini. Naweka shati langu jipya, lile la vifungo vya kung'aa, kwamba mkifika mwisho mtasema jamaa katia chumvi. Semeni tu. Karani wa mahakama, mtu mzima mwenye tai, mtu ambaye akifungua mdomo ukumbi mzima unasimama, aliambiwa na binti yake wa kumzaa, mchana kweupe, hakimu akitazama: "Baba, achia!" Na akaachia. Haya, shati lile pale limetundikwa, nani analitaka?

Ngoja kwanza. Tuanze na binti.

Binti huyu alimaliza shule kwa matokeo ya kutisha. Mimi na shule tuliachana mapema, kwa amani, shule haikulia na mimi sikulia, lakini hata mimi niliyaona matokeo yale nikasema hapa pana kichwa. Chuo kikampa nafasi ya uhandisi. Baba yake akatembea mtaa mzima kifua mbele, utadhani mtihani kaufanya yeye. Akamnunulia sanduku la magurudumu. Sanduku likasimama sebuleni kando ya mlango, limejaa upepo na matumaini.

Binti akasema haendi.

Yaani ataenda, lakini mwakani. Chuo hakikuwa na neno. Aliomba, wakamjibu kwamba nafasi yake itamngoja mwaka mmoja. Mwenye neno alikuwa karani.

"Mwaka mzima wa kufanya nini?" aliuliza, kijiko kikiwa njiani kwenda mdomoni.

"Nataka kufanya kazi kwa shangazi."

Kijiko kikageuza njia, kikarudi kwenye sahani. Shangazi mwenyewe alikuwa dada yake karani, na biashara yake ilikuwa kukodisha maturubai na viti. Mkiwa na harusi, mkiwa na msiba, mkiwa na mkutano wa kugombana, lori lake linafika, watu wake wanashuka, kivuli kinapatikana. Karani alimpenda dada yake, ila alimpenda kwa mbali kidogo, kama mtu anavyompenda mbwa mkali wa jirani.

"Kubeba viti," alisema. "Mhandisi wangu anakwenda kubeba viti."

"Kujifunza kuongoza watu, baba."

"Si ulikuwa kiranja mkuu? Ulikuwa unaongoza mbuzi?"

Hapo ndipo alipokanyaga jipu. Ni kweli alikuwa kiranja mkuu, na akisema neno shule nzima inatii. Siku ya mwisho akarudisha beji ofisini, akatoka, akapita bwalo la chakula. Mstari umepinda kama utumbo. Akasema kama alivyozoea, "Nyoosheni mstari." Hakuna aliyesogeza hata kidole cha mguu. Katoto kamoja ka darasa la chini kakamtazama kifuani, palepale beji ilipokuwa, kakauliza, "Kwani wewe nani?"

Alimsimulia baba yake habari hiyo, halafu akaongeza neno lililomfanya mama yake afumbe macho.

"Hawakuwa wananifuata mimi. Walikuwa wanaogopa adhabu ya mwalimu. Na wewe ni hivyohivyo, baba. Ukisema 'simameni', hawasimami kwa ajili yako. Wanasimama kwa ajili ya hakimu."

Nasikia hata friji ilinyamaza.

Karani hakupiga kelele. Watu wa mahakama hawapigi kelele, wanatoa masharti. Akajifuta mdomo, akasema, "Katikati ya huo mwaka wako tunamuaga hakimu wetu, anastaafu. Shangazi yako ndiye atakayeleta turubai, lile kubwa. Nitakuwepo. Nikikuta ni wewe unayewaongoza wale wanaume kulisimamisha, mwaka ni wako, umalize, sitasema tena. Nikikuta unabeba viti, sanduku hili linaondoka na wewe wiki hiyohiyo, pamoja na kundi la pili la wanaojiunga. Na kabla hujaondoka utasema mbele ya ukoo wote kwamba baba alikuwa na haki."

"Jamani..." mama akaanza.

"Nakubali," binti akasema.

Sasa mje ghalani kwa shangazi. Mimi ndiye dereva wa lori pale, dereva hodari, mengine nitayaacha msije mkaona wivu. Kazi yangu ya pili ni kuwapa watu majina, na majina yangu hayakosei. Msimamizi wa kikosi nilimwita Nguzo, kwa urefu, na kwa kuwa mgongo wake umechoka hadi hawezi kuinama kuokota hata heshima yake. Yule mwenye mabega nikamwita Kabla, kwa sababu kila kitu anafanya kabla: anacheka kabla utani haujaisha, anavuta kamba kabla hajaambiwa. Yule mwingine nikamwita Redio: anaongea siku nzima, ukimwambia kitu hasikii. Basi binti aliposhuka getini na begi lake mgongoni, shangazi akatutangazia kwamba huyu ni mtoto wa kaka yake, kaahirisha chuo mwaka mmoja. Sikuwa nimezima hata injini.

"Anapumzika mwaka mzima? Karibu sana, Likizo!"

Jina likamganda kama gundi ya kiatu.

Likizo akaanza kazi kwa hasira. Redio akibeba viti sita, yeye sita. Kabla akibeba nane, yeye nane, ingawa vinamfunika uso na anatembea kama meza iliyoota miguu. Viganja vikachubuka, vikapona, vikachubuka tena. Tulimchokoza, tungeachaje?

"Likizo, mapumziko yanaendaje?" Kabla anamwuliza.

"Mazuri. Inuka, umekalia kamba yangu."

Tulikuwa na turubai moja kubwa tuliloliita Mama Mkwe, kwa sababu ukiligeuzia mgongo tu umekwisha. Kulisimamisha si mabavu. Linatandazwa chini, nguzo za katikati zinapenyezwa ndani yake zikiwa zimelala, kila upande watu wameshika kamba. Mmoja anasimama mbele na kuita. Akisema kaza, upande ule unakaza. Akisema shikilia, mnashikilia. Akisema legeza, mnalegeza pole pole. Upande mmoja ukizidi, nguzo zinalala kama walevi. Na Nguzo ana sheria yake ambayo hata shangazi haigusi: anayeita hashiki kamba. Mikono mitupu, macho pande zote.

Likizo akaomba aite. Shangazi akamtazama Nguzo, Nguzo akajishika mgongo, kwa kweli alikuwa anatafuta mtu wa kumpokea. Akasema, "Ajaribu. Tuna wauza vipuri Jumamosi."

Jumamosi wauza vipuri wana mkutano wao, uwanja umejaa, meza ya soda imepangwa tayari. Likizo akasimama mbele. Akaita, "Kaza kulia!" Sauti nzuri, sikatai. Kabla alikuwa keshakaza zamani. Redio yuko kushoto anaongea peke yake. Mama Mkwe akainuka, akaanza kuyumba. Mle kwenye mistari wanaume wanatokwa jasho mpaka shingoni, na yeye kasimama tu mikono mitupu, na wauza vipuri wanamtazama. Mmoja akasema kwa sauti, "Na yule bibi harusi anasubiri nini?" Wakacheka.

Likizo akaona aibu. Akakimbilia kamba ya pembeni, akaishika, akavuta kwa nguvu zake zote.

Alivuta vizuri, tena kuliko wengi. Ila aliposhika kamba, uso wake ukageukia kamba. Upande wa pili ukalegea na hakuna aliyeona. Nguzo zikalala, Mama Mkwe akajikalia taratibu, kwa raha zake, juu ya meza ya soda. Hakuna aliyeumia. Lakini chupa zilipasuka, na wale jamaa wa vipuri walicheka hadi wengine wakakaa chini.

"Turudishiwe Nguzo," Kabla akasema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kwa sababu alikuwa amelowa soda.

Kwenye lori, shangazi akakaa katikati, mpwa wake dirishani, mimi kwenye usukani na masikio yangu mawili yasiyo na kazi.

"Lilipolala ulikuwa wapi?" shangazi akauliza.

"Pembeni, shangazi. Navuta."

"Nani alikuwa anaangalia?"

Likizo akavitazama viganja vyake.

"Mikono ninayo. Kila asubuhi wanapanga mstari getini, wote mikono. Nilikupa uwe macho, wewe ukaenda kuyafungia kwenye kamba. Kwa nini?"

"Walikuwa wananicheka. Nikaona kama naonekana mvivu."

"Kwa hiyo ulivuta ili usichekwe."

"Ndiyo."

"Na hawakukucheka?"

Hapo mimi nilicheka. Shangazi akanigeukia, nikaitazama barabara, barabara ilikuwa nzuri sana siku ile.

Nyumbani habari ilishafika. Habari mbaya haingoji lori. Karani alikuwa sebuleni, analisukuma sanduku mbele na nyuma kwa mguu, krii, krii.

"Nasikia turubai lilikaa kwenye soda."

"Lilikaa."

"Basi wiki hii unaweza kuanza kufungasha. Hakuna aibu, mwanangu."

"Aibu ipo, baba, tena ninayo yote, sijamwachia mtu," akasema. "Lakini siku ya hakimu haijafika. Hayo magurudumu yapake mafuta, yasije yakashika kutu kwa kungoja."

Kesho yake alfajiri alikuwa ghalani kabla yetu. Hakwenda kwenye viti. Alitoa turubai dogo, akatuomba tumfanyie zoezi uani, lisimame lishuke, lisimame lishuke. Na yeye mikono nyuma. Nawaambieni, kubeba viti nane hakukumtesa kama kule kusimama mikono mitupu. Vidole vilikuwa vinamwasha. Kabla anapiga kelele, "Mgeni rasmi keshafika, mleteeni kiti!" Na yeye anaita tu, "Shikilia kushoto. Legeza. Legeza."

Kwa kuwa haangalii tena mikono yake, akaanza kutuangalia sisi. Na alichokiona, wengine tumeishi nacho miaka hatukukiona.

Kwanza Kabla. Siku moja akavuta mapema tena, turubai likapinda, tukasubiri Likizo alipuke. Kabla mwenyewe alikuwa tayari na jibu: "Nikusikilize kwa nini? Wewe mwakani hupo."

"Kweli, sipo. Kwa hiyo sina hata muda wa kukubadilisha. Kuanzia leo kamba ya kwanza ni yako, ile ya kufungulia kazi. Vuta mapema unavyotaka. Sisi tutakufuata."

Kabla akaishika kamba ile. Haraka yake ilikuwa imepata kazi, hakujua agombane na nani.

Halafu Redio. Likizo alimfuata nyuma ya lori, mimi nikiwa chini ya lori natafuta mvujo wa mafuta, hakuniona.

"Kaka, ni sikio lipi?"

Redio akanyamaza. Redio!

"La kushoto," akasema mwishowe. "Nani kakwambia?"

"Shingo yako. Ukiitwa unaigeuza."

"Usiwaambie. Wataniona mzigo."

Likizo hakuwaambia. Jioni ile alitangazia kikosi kizima kwamba yeye sauti yake haitoshi, kwa hiyo ataita kwa mdomo na kwa mkono pamoja, na kila mtu asimame mahali anapouona mkono wake. Redio akapangwa mbele kabisa. Hakuchelewa tena hata mara moja. Na asikudanganye mtu kwamba nimevunja siri: Redio mwenyewe siku hizi anaisimulia kila anapokwenda, si mnajua alivyo.

Tukafanya kazi nyingi baada ya hapo. Nyingine zilikwenda vizuri, mbili tatu zilikwenda kombo, na zilipokwenda kombo alisema, "Hiyo ni yangu," tukaendelea. Lakini hizo zote zilikuwa maturubai madogo. Kwa Mama Mkwe, aliyeita ni Nguzo mwenyewe. Mpaka siku ya hakimu.

Uwanja wa mahakama ni mpana, mbele jengo, nyuma ukuta, na baina yake njia ya upepo ambayo wakili yeyote angeikatia rufaa. Tukashusha mizigo. Likizo akamfuata Nguzo.

"Mzee, leo nipe."

"Baba yako anakuja."

"Ndiyo maana."

"Akija ukaona aibu tena?"

"Nitaiona. Sitaishika."

Nguzo akacheka puani, akaenda kukaa kwenye kiti kimoja cha plastiki kivulini, akakunja mikono. Shangazi naye akasimama nyuma yake, akauma midomo. Kama mnataka kujua, nami nilikuwa nimeshika kamba siku hiyo, maana mtu mmoja hakuja. Kamba ilibahatika.

Mama Mkwe akatandazwa. Nguzo za katikati zikapenyezwa. Likizo mbele, mkono juu. "Kabla, fungua!" Kabla akafungua. "Kaza kulia. Shikilia kushoto. Redio, kaza. Wote, taratibu." Turubai likaanza kupanda kama mkate.

Wakati huohuo mlango wa mahakama ukafunguliwa, wakatoka: hakimu, mawakili, wafanyakazi, na karani mbele yao anaonyesha njia, tai imenyooka. Na upepo nao kama ulikuwa unangoja wakubwa. Ukaingia chini ya turubai, Mama Mkwe akavimba, nguzo ya mbele ikaanza kutambaa. Kamba zikatuburuza. Mimi visigino vilichora mistari ardhini, na sisemi uongo, mpaka leo ipo.

Karani akaona nini? Akaona wanaume wanaburuzwa na binti yake kasimama mikono mitupu.

"Mwanangu! Shika kamba! Wenzako wanaumia wewe umesimama kama sanamu!"

Likizo hakugeuka. "Shikilia wote! Kulia, legeza kidogo. Kidogo!"

"Shika kamba nimesema!"

Na kwa kuwa ni baba, na baba akiogopa hufanya jambo lolote alimradi afanye, karani akakimbia mwenyewe, akadaka kamba ya pembe, akaivuta. Upande usio wake. Nguzo ya mbele ikaruka, ikainama kwake moja kwa moja, juu ya ile tai.

"Baba, achia!"

Uwanja mzima ulisikia. Hakimu alisikia. Nadhani hata mahabusu waliokuwa wanangoja kesi ndani walisikia wakaachia walichoshika. Karani akamtazama binti yake, na binti yake akamtazama yeye, mkono uleule juu. Hapakuwa na beji. Hapakuwa na mwalimu nyuma yake, wala hakimu.

Karani akaachia.

"Kushoto kaza! Redio! Kabla!" Nguzo ikarudi, ikasimama. "Baba, sasa ishike hiyohiyo. Usivute. Ukiuona mkono wangu unashuka, ndipo uvute."

Karani akaishika. Akautazama mkono ule kama mtu anayetazama saa ya mtihani. Upepo ukapita, ukarudi, ukapungua.

Mkono ukashuka.

Akavuta. Alivuta kwa mwili mzima, tai begani, kiatu kimoja kimetoka, akivuta sambamba na Kabla na Redio na sisi wote, na Mama Mkwe akasimama wima, kakazwa, bila hata kunyanzi moja. Vigingi vikagongwa. Likizo akashusha mikono yake, akaifuta kwenye suruali, ingawa haikuwa na vumbi.

Hakimu akaja pole pole, akatazama juu, akatazama chini kwenye soksi ya karani.

"Karani," akasema, "miaka yote umekuwa ukiwasimamisha watu. Leo umesimamishwa."

Hata Nguzo alicheka, na mgongo ukamkumbusha.

Usiku huo mezani, haya nimesimuliwa na Likizo mwenyewe, karani alikuwa amepakwa mafuta viganjani na mke wake, kijiko kinamteleza.

"Ulipaza sauti sana," akasema.

"Upepo ulikuwa mkubwa, baba."

"Mbele ya hakimu."

"Hakimu hakuwa ameshika kamba."

Mama akafumba macho kama kawaida yake. Karani akatafuna, akameza, akanyanyuka. Akaenda sebuleni, akalishika sanduku kwa viganja vyake vya mafuta, akalivuta mpaka chumba cha ndani, krii, krii, akaliingiza chini ya kitanda. Akarudi akakaa.

"Hayo magurudumu kweli yanataka mafuta," akasema. Hakusema tena habari ya mwaka.

Likizo aliumaliza mwaka wake wote. Mwishoni tulimbembeleza abaki. Shangazi alimwahidi kikosi chake mwenyewe, Kabla akasema ataacha kuvuta mapema, uongo mtupu. Akatukatalia sote kama alivyomkatalia baba yake, kwa sauti ileile. Alisema alikuja kutafuta kitu, amekipata, na sasa anakwenda chuo kwa miguu yake, bila kusukumwa na magurudumu ya mtu. Karani ndiye aliyelibeba sanduku mpaka kituoni. Alilibeba kichwani, hakutaka kusikia ile krii.

Basi, chukueni shati kama hamjaamini. Nguzo ni Nguzo, Kabla ni Kabla, Redio ni Redio, majina hayo nitayatetea popote. Hilo la Likizo nilikosea.